Gari la Mbio na Mikono Iliyolitengeneza

Mhadhara wa wazi uliotolewa Longisa, Kaunti ya Bomet

 

Nimeombwa nizungumzie magari ya kale ya mbio ya Marekani, yale yaliyoundwa machache na kubaki machache zaidi, na urithi yaliouacha. Huenda baadhi yenu mmejiuliza tangu mlipoona tangazo: hayo na Longisa wapi na wapi? Jibu ni jina la mtu mmoja. Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa fundi wa magari aliyetoka Punjab. Alianza kazi akiwa kijana wa spana, akaja kushinda mashindano ya magari ya Safari mara tatu, miaka ya 1965, 1974 na 1976. Na mwaka mmoja kabla ya ushindi wake wa kwanza, usukani alioushika ulikuwa wa gari la Kimarekani. Kwa hiyo leo nitaanzia mbali, niende Marekani, nirudi nyumbani kupitia mkono wa mtoto huyo wa Kericho.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walikuwa na injini kubwa na barabara ndefu zilizonyooka. Kwenye mbio za magari ya spoti, zile za kona nyingi na za saa 24 kama Le Mans kule Ufaransa, mabwana walikuwa Waingereza, Waitaliano na Wajerumani. Tajiri mmoja, Briggs Cunningham, aliona haya. Akafungua karakana West Palm Beach, Florida, akaanza kuunda magari yake mwenyewe. Mwaka 1952 aliingia Le Mans na gari lake la C-4R akamaliza wa nne, naye ndiye aliyeliendesha kwa sehemu kubwa ya saa hizo 24. Mwaka uliofuata gari la aina hiyo likashinda mbio za saa 12 za Sebring. Magari ya C-4R yaliyoundwa ni matatu tu. Akafuata kijana Lance Reventlow wa California na gari aliloliita Scarab, nayo ya spoti yaliyoundwa ni matatu, yenye injini ya Chevrolet ya silinda nane. Mwaka 1958 Chuck Daigh, ambaye alikuwa fundi na dereva wa kikosi hicho, alishinda kwa Scarab kule Riverside mbele ya magari bora ya Ulaya.

Nataka nikae kidogo kwa Jim Hall na Hap Sharp wa Midland, Texas, mji wa mafuta, kwa sababu hawa walifanya jambo ambalo kila fundi aliyeketi hapa atalipenda. Gari lao liliitwa Chaparral. Mwaka 1966 walileta lile la 2E, lenye bawa pana lililosimama juu ya nguzo mbili ndefu nyuma ya dereva. Tazameni walivyofikiri. Bawa la ndege huinua. Wao waligeuza umbo lake ili upepo ukandamize. Nguzo zile hawakuzifunga kwenye bodi. Walizifunga kwenye vishikizo vya magurudumu ya nyuma, ili uzito wa upepo uende moja kwa moja kwenye tairi, springi zisibebe chochote. Na kwa kuwa gia zao hazikuhitaji klachi ya kukanyaga, mguu wa kushoto wa dereva ulikuwa hauna kazi. Wakaupa kazi: pedali ya kulaza bawa gari likiwa kwenye njia iliyonyooka, ili lisizuiwe na upepo, kisha kuliachia lisimame tena kona ikikaribia.

Miaka minne baadaye wakaja na 2J, lenye feni mbili nyuma zikizungushwa na injini ndogo ya pembeni. Feni zilifyonza hewa chini ya gari, kingo zikiwa zimezibwa karibu kugusa ardhi, na gari likang'ang'ania lami hata likienda polepole. Wapinzani walilalamika, na msimu wa 1970 ulipokwisha likapigwa marufuku. Mabawa yalikuwa yamekwisha kuingia Formula One, na mwaka 1978 gari la Brabham likashinda mbio Sweden kwa kutumia feni. Huo ni urithi wa kwanza ninaotaka muukumbuke, wazo lililotoka karakana ya mji mdogo likazunguka dunia.

Sasa turudi upande wetu, na njia yetu inapitia kwa Bill Stroppe wa Long Beach, California. Stroppe aliendesha magari ya spoti yeye mwenyewe miaka ya mwanzo ya 1950, lakini sifa yake kubwa ni kutayarisha magari ya wenzake. Mexico kulikuwa na mbio za Carrera Panamericana, kuanzia 1950 hadi 1954, zilizokata nchi nzima kwa barabara za kawaida, milima kwa mabonde. Magari ya Lincoln yaliyopitia mikono ya Stroppe na mwenzake Clay Smith yalitawala kundi la magari ya kawaida huko tangu 1952. Walipima kila nati, wakapanga vituo vya huduma njiani, wakajua wapi tairi litakwisha kabla halijakwisha.

Ndiyo maana Ford walipotaka kuleta magari ya Mercury Comet kwenye Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1964, walimwendea Stroppe. Comet ilikuwa imetoka kupata sifa kubwa. Mwishoni mwa 1963, kwenye uwanja wa Daytona, Florida, magari ya aina hiyo yalikimbia maili 100,000 kila moja, usiku na mchana kwa takriban siku 40, kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Wakubwa wa kampuni wakaona kwamba gari lililomaliza kazi hiyo haliwezi kushindwa na kitu. Lakini Daytona ni duara la lami. Safari ya Pasaka ya Kenya ni kitu kingine.

Wazee mnaijua historia ya Safari kuliko mimi, ila vijana wasikie. Ilianza 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazo lilianzia kwa Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent, ambaye hakuona utamu wa kuzunguka uwanja mmoja tena na tena. Alitaka mbio za kupita nchini, kwenye barabara anazopita kila mtu. Baadaye ikatulia kwenye sikukuu ya Pasaka, yaani katikati ya mvua za masika. Mvua ndiyo iliyokuwa hakimu. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na mwaka 1968 saba tena, na miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404.

Comet sita ziliingia Pasaka ya 1964. Kenya ilikuwa na miezi michache ya uhuru, na Tanganyika ilikuwa bado haijaungana na Zanzibar. Kati ya madereva wa kikosi hicho walikuwemo watu wa hapa, na mmoja wao Joginder. Magari 94 yaliondoka, 21 yakamaliza. Comet zilizofika ni mbili, na ya Joginder ilikuwa ya 21, ya mwisho kabisa. Washindi walikuwa Peter Hughes na Billy Young katika Ford Cortina GT, gari la injini ya lita moja na nusu. Injini ya Comet ilikuwa ya silinda nane, lita 4.7, mara tatu ya ile.

Kila aliyewahi kusukuma lori la majani chai anaweza kueleza kilichotokea bila kusoma kitabu. Injini nzito iko mbele, tairi zinazosukuma ziko nyuma. Pua inazama kwenye tope, nyuma kunakuwa kwepesi, na ukikanyaga mafuta nguvu zote zile zinazungusha tairi mahali pamoja. Tope letu jekundu linajaa ndani ya madigadi mpaka gurudumu lisigeuke kona. Ukishuka upande wa tambarare, Mulot kwenda Narok, unakutana na udongo mweusi, huo unashika kama gundi. Na kukiwa kukavu ni makorongo na mawe, kilomita kwa kilomita, shokabsoba zinachemka mpaka zinavuja na springi zinapigwa bila msaada. Nguvu zilizokuwa fahari huko Daytona huku zikawa mzigo wa kubebwa. Simlaumu Stroppe; alileta gari zuri, lenye maandalizi mazuri, kwenye ardhi ambayo hakuna uwanja wa majaribio unaoweza kuiiga.

Joginder alitoka hapo na somo. Mwaka uliofuata, 1965, alichukua Volvo PV544 iliyokuwa imetumiwa na timu ya kiwanda katika Safari iliyotangulia, kisha ikaachwa huku. Gari la mtumba, umbo la kizamani hata kwa wakati ule, injini ya lita 1.8. Walilitengeneza wenyewe. Yeye na mdogo wake Jaswant wakaliendesha, wakashinda, na Joginder akawa dereva wa kwanza mwenye asili ya Asia kushinda Safari. Baadaye akashinda mara mbili kwa Mitsubishi Colt Lancer, David Doig akiwa msaidizi wake. Aliingia Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayonistaajabisha zaidi kuliko vikombe. Madereva wenye kasi walikuwa wengi. Waliojua kusikia gari likianza kuugua, na kulifikisha nyumbani, walikuwa wachache, na huyu alikuwa amefanya kazi ya doria katika chama cha magari cha Afrika Mashariki, kazi ya kuwaendea watu walioharibikiwa barabarani. Alijifunza kasoro za kila aina ya gari katika barabara zilezile atakazokuja kushindania.

Si bahati tu kwamba mtu wa namna hiyo alizaliwa nchi ya chai. Jani la chai halingoji. Likishachumwa linaanza kubadilika, na lisipofika kiwandani siku hiyohiyo limeharibika. Kampuni kubwa zilipopanda mashamba Kericho miaka ya 1920 zilihitaji karakana kabla ya kuhitaji mengi mengine, na karakana hizo zikawa shule. Mwaka uleule wa 1964 wa zile Comet ndipo KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ilipoundwa, na mkulima mdogo wa Kapkoros na Tirgaga akaingia katika hesabu hiyohiyo: lori, mlima, mvua, saa chache. Umakanika wa eneo hili ulikua kwa kulazimishwa na jani. Kijana anayefungua gia boksi kando ya barabara hapa Longisa, kwenye turubai, akiwa amepanga nati kwa mpangilio wa kuzirudisha, ana ukoo na habari hii.

Na urithi wa namna hii hauna budi kutunzwa. Huko Marekani walichelewa kujifunza kwamba gari la mbio ni kumbukumbu. Kwa miaka mingi gari likiacha kushinda lilikuwa taka. Liliuzwa kwa bei ya kutupa, likang'olewa injini, likakatwa. Mfano wa kuumiza ni wa Cobra Daytona Coupe ya Carroll Shelby, iliyochorwa na Peter Brock. Ziliundwa sita tu. Mwaka 1965 ziliiletea Marekani ubingwa wa dunia wa magari ya GT, mara ya kwanza kwa kampuni ya nchi hiyo, zikiwapokonya Ferrari. Ya kwanza kati ya hizo sita, yenye namba ya chasisi CSX2287, ilipotea machoni pa watu kwa miongo kadhaa. Ilikuwa imefungiwa ghalani California, na ilionekana tena karibu na mwaka 2001. Leo iko Philadelphia, kwenye jumba la makumbusho lililoanzishwa na Fred Simeone, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyefariki 2022. Mwaka 2014 ilikuwa gari la kwanza kabisa kuandikwa katika rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani, na kumbukumbu zake zikawekwa katika Maktaba ya Bunge la nchi hiyo.

Simeone aliandika kitabu kizima kupinga tabia ya kulifanya kila gari la kale ling'ae kama jipya. Alisema rangi ya siku ya mbio, mkwaruzo wa siku ya mbio, kiti kilichochakaa kwa jasho la dereva, vyote hivyo ni ushahidi; ukiviondoa hakuna awezaye kuvirudisha. Cobra ile aliiacha na makovu yake. Nakubaliana naye, na najua hapa kuna mafundi wa bodi ambao hawatanipenda kwa kusema hivyo, maana kazi yao nzuri ni kuliondoa kovu lisionekane. Gari la kazi litengenezeni ling'ae, lirudi barabarani lilete mkate. Lakini likija kwenu gari lililoshiriki Safari, lina bamba la namba ya mashindano chini ya rangi ya tatu, lina kiungo kilichochomelewa usiku kwa fimbo za welding zilizokuwepo, nawaomba mkono usiende haraka kwenye msasa.

Kwa sababu tujiulize: gari lililobadilishwa injini, milango, springi na nusu ya sakafu, ni lile lile? Wamarekani wanapelekana mahakamani kwa swali hili, maana namba ya chasisi moja inaweza kudaiwa na magari mawili. Jibu lao limekuwa karatasi: nani aliliunda, nani alinunua, liligongwa wapi, kiungo gani kilibadilishwa na nani. Chuma hubadilika, mfululizo wa mikono ukiandikwa, gari linabaki na jina lake. Magari matano ya Corvette Grand Sport yaliyoundwa na mhandisi Zora Arkus-Duntov yote matano yapo hadi leo, na Chaparral za Jim Hall ziko Midland kulekule zilikozaliwa, katika Jumba la Makumbusho la Petroliamu, watoto wa shule wakizitazama bila kupanda ndege.

Kwetu Afrika Mashariki kilichohifadhiwa kimehifadhiwa na watu wenye mapenzi. Tangu 1970 wenye magari ya Alfa Romeo wamekuwa wakiandaa maonyesho ya Concours d'Elegance, ambayo hufanyika Ngong Racecourse, na pikipiki na magari ya kale hukaguliwa hadi chini ya boneti. Mwaka 2003 yakaanza mashindano ya East African Safari Classic, ya magari ya enzi ile, kwenye barabara za vumbi. Na hapo likatokea jambo ninalolipenda sana. Mwaka 2009 Ian Duncan, Mkenya aliyekuwa ameshinda Safari ya 1994, alishinda Classic akiwa na Amaar Slatch katika Ford Mustang. Silinda nane za Kimarekani, miaka 45 baada ya Comet kukwama, zilifika mwisho mbele ya wote. Kilichobadilika ni wajuzi. Gari liliandaliwa na kuendeshwa na watu waliokua na barabara hizi, wanaojua ni mahali gani pa kuachia mafuta kabla ya korongo.

Katika habari hizi zote kuna kundi ambalo halitajwi. Tunajua jina la dereva na la msaidizi wake. Nyuma ya kila gari lililomaliza kulikuwa na fundi aliyelala chini ya gari kwenye mvua, akishikiwa tochi, dakika zikihesabiwa. Wengi walikuwa Wakipsigis, Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Waasia wa gereji za Kericho, Nakuru na Kisumu. Majina yao hayamo kwenye vitabu vya mashindano. Yamo vichwani mwa watu, na vichwa hivyo vina umri wa miaka 80 na zaidi sasa. Patrick Njiru alipomaliza wa nne katika Subaru mwaka 1994, huenda wapo waliodhani Mwafrika ndiyo kwanza anaingia Safari. Mwafrika alikuwa ndani ya Safari tangu mwanzo, akiwa na spana.

Ndiyo maana nimekuja na daftari, liko kwenye meza pale karibu na mlango, na walimu wawili wamekubali kukaa nalo mpaka jioni. Tunaomba mambo manne: jina la fundi, karakana aliyofanyia kazi, aina ya gari na mwaka kama anaukumbuka, na kazi aliyofanya. Kazi iandikwe kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni kubadilisha radieta moja tu kule Mau usiku wa Pasaka. Mwenye picha asituachie. Tutaipiga picha hapahapa na kumrudishia, na nyuma yake tutaandika waliomo, kuanzia kushoto. Na mwenye bodi ya gari la zamani nyuma ya nyumba, kabla ya kuwaita wanunuzi wa vyuma chakavu, asugue kwanza bamba la chasisi, anakili namba iliyopo. Kwa wazee wasioweza kufika hapa, vijana wa bodaboda watatupeleka kesho kutwa hadi Kembu na Merigi. Tuambieni ni nyumba zipi.